Kiingereza mbele ya wanafunzi 62: anza na lugha mbili walizo nazo tayari

Mwalimu mwenzangu, umeuliza mambo matatu. Wanafunzi wako wa mwaka wa kwanza wa humanite (sekondari ya juu) hapa Lubumbashi ni 62 na hawafungui mdomo. Kwenye intero, yale majaribio mafupi ya darasani, wanajaza kanuni za sarufi vizuri, lakini ukiwaambia waandike sentensi tano zao wenyewe, zote zinaharibika. Na prefe, mkuu wa shule, anataka kaye (daftari) zijae notsi. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu mambo haya matatu yana mzizi mmoja, na mzizi huo unatibika.

Mtoto wa Katuba au wa Kamalondo hafiki kwenye somo lako mikono mitupu. Ana Kiswahili cha nyumbani na Kifaransa cha shule, na wengine wana Kibemba, Kisanga au Kiluba juu yake. Kila sentensi ya Kiingereza anayoitunga inapita kwanza katika lugha hizo. Kiswahili na Kifaransa vikipingana juu ya jambo fulani, mtoto anasitasita, na maelezo mafupi yanatosha kumsogeza. Vikikubaliana dhidi ya Kiingereza, kosa linakuwa gumu kama chuma. Ndiyo maana mimi sifuati sarufi kwa mpangilio wa kitabu. Natafuta kwanza pale lugha mbili zinapomsukuma mtoto upande mmoja, na muda mwingi nautumia hapo.

Angalia: «nina miaka 16» na «j'ai seize ans». Zote mbili zinamwambia aandike «I have sixteen years». Vivyo hivyo «nina njaa» na «j'ai faim». Kisha «unaenda wapi?» na «tu vas où?» zinazaa «you go where?». «Gari nyekundu» na «voiture rouge» zinazaa «car red». Kuna moja ambalo walimu wengi hawalioni: «baba yake» haionyeshi kama mwenye baba ni mvulana au msichana, na «son père» pia haionyeshi. Ndiyo maana utasoma «Marie loves his father» hadi mwaka wa nne. Kumwambia mtoto «his ni ya mwanaume, her ni ya mwanamke» hakumsaidii sana, kwa sababu anaangalia baba, naye baba ni mwanaume. Mwambie hivi: usimwangalie baba, mwangalie mwenye baba. Chora mshale tabloni (ubaoni) kutoka «her» kurudi kwa «Marie». Sentensi kumi za namna hiyo, kila moja na mshale wake, zinafanya kazi kuliko ukurasa mzima wa kanuni.

Kwa makosa ya aina hii gawa tablo katika nguzo tatu: Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza. Andika mbili za kwanza, waulize zinafanana wapi, ndipo uandike ya tatu na upige mstari pale Kiingereza kinapoachana na nyingine. Dakika nne au tano, si zaidi. Kuna wakaguzi wasiopenda kusikia Kiswahili katika somo la Kiingereza. Dakika hizo zikiandikwa wazi kwenye fishi ya matayarisho, ile karatasi ya mpango wa somo, kama ulinganisho wa lugha, na somo linalobaki likaendeshwa kwa Kiingereza, sababu yake inaonekana.

Pale Kifaransa kinapopotosha, mara nyingi Kiswahili kinaokoa. Anayejua «je l'ai vu hier» ataandika «I have seen him yesterday», kwa kuwa umbo la kitenzi linafanana. Mrudishe nyumbani: «nilisha kula», yaani «nimekula», na «nilikula jana saa saba». Ukitaja siku au saa, unaacha «nilisha». Basi «I have eaten» ni ya kwanza, «I ate yesterday» ni ya pili. Ila usivute kamba hiyo mpaka ikatike. «Amelala» si «he has slept», ni «he is asleep». «Amesimama» ni «she is standing». Vitenzi vya hali vifundishe peke yake, baada ya wiki mbili hivi, la sivyo utajenga kosa jipya kwa mikono yako.

Na ile «s» ya «he goes»? Kiswahili kinamtaja mtendaji mwanzoni mwa kitenzi, «anaenda», kwa hiyo mtoto akishaandika «he» anaona kazi imekwisha. Kifaransa nacho mara nyingi kina mwisho wa kitenzi usiosikika: «il mange» na «ils mangent» sikioni ni kitu kimoja. Lugha zake hazikumzoesha sana kusikiliza mwisho wa kitenzi ili ajue mtendaji ni mmoja au ni wengi. Kosa hili basi ni la sikio kabla ya kuwa la biki. Soma jozi, «they work, he works», wao wainue kidole kimoja wakisikia mmoja, viwili wakisikia wengi. Dakika tatu, kila somo, mwezi mzima.

Sasa ukimya. Fanya hesabu. Ukimuuliza mmoja mmoja, sekunde 30 kila mtu, wanafunzi 62 wanakula dakika 31 kati ya 50, na kila mmoja amekaa kimya zaidi ya nusu saa akimsikiliza mwenzake anayebabaika. Hapo huwezi kusema mtoto ni mwoga, hajapewa nafasi. Tumia benchi. Kama wanakaa watatu watatu, una mabenchi 20 na moja la wawili. Kwenye benchi, wawili wanazungumza, wa tatu anashika karatasi na kuandika kila anaposikia kosa la wiki, yaani kosa moja tu mnalolifanyia kazi wiki hiyo. Baada ya dakika mbili wanabadilishana, kisha tena. Dakika sita, na kila mtoto amezungumza kwa zamu mbili. Kelele zitakuwepo. Mjulishe mwalimu wa darasa la jirani mapema, na kubalianeni ishara ya kunyamaza: wewe unainua mkono, anayeuona anainua wake na kufunga mdomo. Kupiga makofi au kupiga tablo kunaongeza kelele tu.

Mazungumzo hayo yasiwe ya kitabu cha London. Wape soko la Kenya, lile la hapa Lubumbashi: bei, kupunguziwa, chenji ya faranga na ya dola. Wape dereva wa lori anayetoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa na anauliza njia ya kwenda karakana. Hapo mtoto anaona mara moja Kiingereza ni cha nini, kwa kuwa dereva huyo yupo barabarani kweli. Andika tabloni mistari minne tu, na uache mapengo ambayo kila mmoja atajaza kwa maneno yake: «How much is this ...?», «It is ...», «That is too much. Can you sell it for ...?», «No, but I can ...». Bila mapengo watakariri. Bila mistari watanyamaza.

Namba zinahitaji uangalifu wa pekee. «Thirteen» na «thirty», «fifteen» na «fifty»: Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, Kifaransa kinakaza ya mwisho, na mtoto anayatamka yote kwa sauti moja. Kwenye bei, hasara ni ya makuta, yaani pesa. Fundisha kwa mkono: «thirTEEN», mkono unapanda mwishoni, «THIRty», unapanda mwanzoni.

Juu ya matamshi mengine chagua machache. La kwanza, irabu za ziada: Kiswahili kinapenda silabi iishe na irabu, basi «street» inakuwa «sitiriti» na «worked» inakuwa «wokedi». Kwa «-ed» kanuni ni moja: kitenzi kikiishia kwa sauti ya t au d, ongeza silabi («wanted»), vinginevyo usiongeze («worked», «played»). La pili, «l» na «r», hasa kwa watoto wa lugha ambazo hazitenganishi sauti hizo. «Light» na «right», «glass» na «grass» zirudiwe kwa jozi. La tatu ni «th». Watu wa pwani wanayo tayari katika «thamani» na «dhahabu», lakini sisi tunasema «samani» na «zahabu». Waonyeshe ulimi kati ya meno, kisha usipoteze nusu saa hapo. «Sank you» inaeleweka na kila mtu. «Thirteen» iliyosikika «thirty» inaleta ugomvi.

Somo la dakika 50 basi naligawa hivi: dakika 5 za kurudia somo lililopita kwa mdomo, 5 za nguzo tatu, 10 za maandishi mafupi tabloni, maneno 80 hivi, yenye jambo lile lile, 12 za benchi, yaani zile 6 mara mbili kwa maswali tofauti, 12 za kuandika sentensi tano binafsi, 6 za kusahihisha mbili au tatu tabloni. Kinachoharibu mpango huu zaidi ni kuandika maandishi tabloni wakati wanafunzi wamekaa: maneno 80 yanakula dakika saba au nane, na darasa limeshakuponyoka. Yaandike kabla ya kengele. Au yaandike kwenye karatasi kubwa kwa maka nyeusi, herufi ndefu kama kidole gumba ili benchi la nyuma lisome, uibandike kwa skochi, na uitumie katika madarasa yako yote.

Hapo jibu la prefe linapatikana. Anachotaka ni kuona kaye imeandikwa, na kaye itajaa: ukurasa wa kushoto maandishi na nguzo tatu, ukurasa wa kulia sentensi tano za mwanafunzi pamoja na masahihisho. Mkaguzi akifungua anaona tarehe, kichwa cha somo, na kazi ya mtoto mwenyewe. Notsi za kunakili nusu saa zinamfundisha mtoto mwandiko, hazimfundishi Kiingereza.

Kusahihisha ndipo walimu wapya wanapochoka na kuacha. Kaye 62 kwa dakika tatu kila moja ni zaidi ya saa tatu, na una madarasa mengine. Chukua 13 kila somo. Ndani ya masomo matano umewapitia wote. Usiandike jibu sahihi. Weka alama pembeni: W kwa wakati wa kitenzi, M kwa mpangilio wa maneno, S kwa ile «s», N kwa neno lisilofaa. Mtoto anasahihisha chini yake, na zamu ijayo unaangalia kwanza masahihisho hayo kabla ya kazi mpya. Kwa N utakutana sana na maneno ya Kifaransa yaliyovaa sura ya Kiingereza: «library» akimaanisha duka la vitabu, «I assisted the mass» akimaanisha alihudhuria misa, «I passed the exam» akimaanisha tu kwamba alikaa kwenye mtihani. Hilo la mwisho lisahihishe mapema, maana mzazi akilisikia atadhani mtoto amefaulu.

Kuhusu intero: kwenye Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, maswali ya Kiingereza mwanafunzi anayajibu kwa kuchagua kati ya majibu aliyopewa, na hiyo ndiyo sababu watoto wako wanajaza vizuri lakini hawaandiki. Hawajawahi kulazimika. Intero ya pointi 10 igawe hivi: 3 za kuchagua jibu, ili wazoee mtindo wa mtihani, 3 za imla ya maneno 40, ukiisoma mara tatu, yote kwanza, kisha vipande vya maneno manne au matano, kisha yote tena, na 4 za sentensi mbili juu ya maisha ya mwanafunzi. Kuzuia kunakiliana kwenye benchi, anayekaa katikati mpe «last Saturday» na wa pembeni «every Saturday». Akinakili, wakati wa kitenzi utamfichua.

Ukimaliza kusahihisha hesabu kosa moja moja. Lililofanywa na wanafunzi 32 au zaidi ni la darasa zima: rudi nalo tabloni somo linalofuata, kwa nguzo tatu, kabla ya kugusa kitu kipya. Lililofanywa na watano au sita, waite kwenye benchi la mbele wakati wenzao wanaandika zile sentensi tano.