Uliza Mjomba: Alhamisi yetu ya bao inapukutika

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni msomaji wako wa Mbagala, Dar es Salaam, fundi cherehani, umri miaka 34. Kila Alhamisi baada ya isha tunakutana kwenye baraza la kibanda changu cha kushonea kucheza bao. Tulianza mwaka juzi tukiwa 9. Bao ni moja, la mninga, nimelirithi kwa baba yangu mdogo, na kete ni komwe zile zile alizoziokota mwenyewe. Mwanzoni watu walikuwa wanabanana kwenye benchi, na muuza kahawa anatupitia mara mbili kwa usiku mmoja. Sasa tumebaki 6, na Alhamisi iliyopita tulikuja 4 tu.

Kuna mzee mmoja kati yetu, sisi humwita Fundi. Hafungiki. Kanuni yetu ni ile ya vijiwe vyote: anayefungwa anainuka, mwingine anakaa. Basi Fundi akishakaa, hainuki mpaka tunafunga. Vijana wawili tuliowakaribisha wanashinda na simu zao, na zamu ikiwafikia mpaka waitwe mara mbili ndipo wasikie. Mwenzetu mmoja anataka tuwekeane soda, anayefungwa anunue, ili mchezo uchangamke. Mwingine anasema Fundi aambiwe apumzike. Mimi ndiye ninayeliingiza bao ndani kila usiku, na Alhamisi iliyopita niliingia nalo moyo ukiniuma. Tupige marufuku simu? Tuweke soda? Au tumwombe mzee wetu asije?

Msomaji, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na penseli mkononi.

Mzee msimguse. Simu ziacheni kwanza. Soda nitaifikia. Ninalotaka kujua ni jambo ambalo hukuliandika: hao vijana wawili, kwa usiku mmoja, wanacheza dakika ngapi?

Tuseme mnaanza saa mbili usiku na kufunga saa tano. Hizo ni dakika 180. Wawili wanaojuana wanaweza kumaliza nusu saa kwenye mchezo mmoja, na zaidi. Lakini mwanafunzi akikaa mbele ya Fundi hafiki nusu saa. Namu, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi moja moja, haijafika katikati, kete bado zimemjaa mkononi, ameshaliwa nyumba, lile shimo lake kuu, dakika 10 ameinuka. Anarudi mwisho wa foleni, anasubiri wengine 4 wapite kwa mzee yule yule. Usiku mzima amecheza mara mbili, tena mafupi, na saa mbili na dakika 40 zilizobaki amekaa kwenye ncha ya benchi akitazama migongo ya watu. Simu iko mfukoni. Wewe ungefanya nini? Kanuni yenu ndiyo iliyomtoa barazani, simu imemkuta ameshakaa bure.

Anayefungwa ainuke ni kanuni nzuri kwa watu wanaolingana. Nimekulia ndani yake hapa Ngamiani, Tanga, kwa hiyo siisemi kwa ugeni. Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 17, natengeneza baiskeli, na jioni najisogeza kwenye baraza moja la wazee. Aliyekuwa hafungiki pale alikuwa mvuvi, marehemu sasa. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na alama ya mshipi, imechimba kama mfereji.

Siku aliyonikalisha mbele yake kwa mara ya kwanza, ilifika zamu yangu nikiwa na njia mbili za kula. Pembeni kulikuwa na kete zake 3. Na katika lile shimo lake linalotazamana na nyumba yangu kulikuwa na kete 1, imeingia pale zamu iliyotangulia na mimi sikuitilia maanani. Nikala 3. Kijana gani ataacha 3 akale 1? Mzee akatoa kete mkononi, akaiweka juu ya ile moja, tak, akachota nyumba yangu nzima, kete 8, akazitembeza upande wake taratibu. Ya mwisho ikaangukia penye wenzake, akala tena. Baraza zima likapiga kelele. Nikaanza kuinuka.

“Kaa,” akasema.

Akaanza kurudisha. Wewe unalijua bao, unajua maana yake. Kete hazina alama, na zikishatembea hakuna ajuaye ipi ilitoka wapi. Yeye akaenda kinyumenyume, shimo kwa shimo: hizi mbili zilikuwa pale, hii ilianguka hapa, 8 zikarudi nyumbani kwangu, ile yake ya mkononi ikarudi mkononi, kisha na zile 3 zangu nazo zikarudi kwake, mpaka bao likawa vile vile lilivyokuwa kabla sijala. Mashimo 32, hakusita hata moja. Akagonga kwa ukucha pale penye kete 1. “Huyu yuko mlangoni kwako. Weka kete ndani ya nyumba yako, umle. Ni mmoja tu, lakini usiku utalala.” Akanipa zamu yangu upya.

Alinifunga vile vile, ila tulifika mtaji, ile hatua ya pili, kete za mkononi zikiwa zimeisha. Sikuwa nimewahi kufika mtaji na mtu mzima. Alhamisi iliyofuata nilifika barazani kabla mkeka haujatandikwa.

Ninalo na la upande wa pili, na hili linaniuma mpaka leo. Miaka ikapita nikawa mimi ndiye nisiyefungika. Akaja kijana mmoja, saidia fundi wa ujenzi, anakuja na saruji bado imemkaukia miguuni. Wiki tatu mfululizo nilimla haraka haraka, na kabla hajaziweka chini kete zilizobaki mkononi mwake nimeshaita, “Mwingine!” Wiki ya nne hakuja, na sikumuulizia. Baadaye sana tulikutana stendi, akanisalimu kwa adabu zote. Nikamuuliza habari ya bao. Akasema, “Lile lenu, Mjomba, lina wenyewe.”

Kwa hiyo, mwanangu, jaribuni hivi kwa Alhamisi 4. Wawili wakikaa wacheze michezo 2, kisha wainuke wote, aliyefunga na aliyefungwa. Fundi naye ainuke. Akiinuka asiende kwenye ncha ya benchi, akae ubavuni mwa kijana mmoja, amwongoze dhidi ya mwingine. Na kila Alhamisi uwepo mchezo mmoja wa kurudisha: Fundi na kijana, na kijana akiteleza, Fundi alirudishe bao amwonyeshe. Mzee asiyefungika ana uwezo huo, na nakuhakikishia hajaombwa autumie.

Namna ya kumwambia ni muhimu kuliko lenyewe. Usimwambie barazani mbele ya watu. Mwendee nyumbani kabla ya Alhamisi, na usiende mikono mitupu, hata kilo moja ya sukari. Usianze na malalamiko ya wenzako. Mwombe awafundishe vijana. Ukimwomba mzee apumzike umemfukuza. Ukimwomba afundishe, atakuja na kesho yake.

Bao moja kwa watu 6 ni dogo. La pili msisubiri pesa, chimbeni. Mchanga wa Mbagala unachimbika kwa kijiko. Safu 4 za mashimo 8, pembeni mwa baraza, mkitumia kokoto zinazolingana ukubwa. Watu wamecheza bao la chini tangu zamani. Vijana waanzie huko wenyewe kwa wenyewe, wakosee bila kutazamwa.

Maana watazamaji nao wanaua. Sijui kwenu, lakini kwetu mtu akishika kete, mikono mitatu imeshamtangulia kuonyesha pa kuweka. Mwanafunzi hajafikiri, ameshafikiriwa. Wekeni sharti: anayetazama anyamaze mpaka mchezo uishe, ukiisha aseme yote. Sharti hili litawashinda wiki ya kwanza. Lirudieni.

Soda, hapana, na hapa sitalegeza. Nani atakayeinunua? Wale wale vijana wawili, kila Alhamisi, kumnywesha Fundi. Mtawalipisha kwa kujifunza. Mkitaka mchango, wekeni kopo, kila anayefika atie sawa na mwenzake, ilipwe kahawa na kashata, basi.

Na siku msiibadilishe. Mvua ya masika ikinyesha, ingieni ndani. Ramadhani, sogezeni mpaka baada ya tarawehe, lakini iwe Alhamisi. Mkifika wawili, wewe na mwingine mmoja, tandikeni mcheze. Mtu aliyekosa wiki tatu akipita njia na kusikia komwe zinagonga mbao, ajue pa kurudi. Uniandikie baada ya hizo 4, unieleze kijana gani amefika mtaji.

*

Shikamoo Mjomba,

Sisi ni wanawake 4, majirani katika majumba ya Michenzani, Unguja. Jumamosi usiku watoto wakilala tunacheza bao la kujifunza kwangu, ghorofa ya tatu. Tuna shida mbili. Jirani wa chini analalamika kelele za kete. Na tunataka kuingia bao la Kiswahili lenyewe, lakini waume zetu wanatuambia hilo ni la wanaume, hatutaliweza. Tuanzie wapi?

Msomaji, Unguja

Marahaba, mwanangu.

Jirani ana haki. Komwe ni ngumu kama jiwe na mbao ya bao inavuma, sauti inashuka sakafuni moja kwa moja. Msiliweke bao juu ya sakafu wala juu ya meza. Kunjeni blanketi mara nne, juu yake mkeka, kisha bao. Na mtu asidondoshe kete kutoka juu, aiweke kwa vidole. Mtaona hata mchezo unatulia. Kisha mpelekeeni jirani sahani ya kitu siku ya Jumamosi, mapema, mumuulize kama bado anasikia.

La pili limenigusa. Hakuna kanuni ya bao niliyowahi kuisikia inayomtaja mwanamume. Aliyelikalia muda mrefu ndiye anayeliweza, na wanaume wamelikalia muda mrefu kwa sababu baraza lilikuwa lao na jikoni kulikuwa kwenu. Ninyi mmeshapata usiku wa Jumamosi na mlango wa kufunga.

Tena mmeshafika nusu ya njia. Katika la kujifunza mnaanza na kete 2 kila shimo, zote 64 ziko baoni. Huo mwendo wenu ni mtaji tayari. Mnachokosa ni namu, na namu ndipo penye akili zote. Kila mmoja aanze na kete 10 tu baoni: 6 ndani ya nyumba, lile shimo la mraba la safu ya mbele, na 2, 2 katika mashimo mawili yanayofuata kuliani kwake. Zilizobaki, 22, anazishika. Kila zamu anaingiza 1. Akiweza kula, ni lazima ale.

Kwa Jumamosi 3 za mwanzo msicheze mpaka mwisho. Chezeni namu peke yake. Kete za mkononi zikiisha, simameni hapo, msihesabu nani ana nyingi. Tazameni nyumba. Nani bado anayo, nani ameliwa, na ameliwa kutoka shimo lipi. Kisha pangeni upya. Kila mara mnapocheza, kabla hujala nyingi za pembeni, tupa jicho kwenye shimo la mwenzako linalotazamana na nyumba yako. Kama kuna kete hata 1, anza na hiyo.

Na waume zenu msiwaite bado. Waiteni mkishaingia mwezi wenu wa tatu wa mazoezi, bao likiwa limeshapangwa.