Mértola kwa anayetaka kuifikia: majibu ya maswali yenu

Tangu nilipoitaja Mértola, manispaa ya mashambani iliyoko kusini mashariki mwa Ureno katika jimbo la Alentejo, nimepokea barua nyingi kuliko nafasi ya safu hii, na nyingi zinagusa hoja zilezile. Nimechagua zile zinazowakilisha nyingine.

Kwa nini mtu aiache Lisbon na fukwe za Algarve, aende kwenye mji mdogo wa bara? (Msomaji, Tanga)

Mértola ni ya bara, lakini maisha yake yalikuwa ya bandari. Mto Guadiana unapita chini ya kuta zake, na maji ya bahari hujaa na kupwa hadi hapo ingawa mdomo wa mto uko karibu kilomita 70 kuelekea kusini. Juu zaidi miamba huzuia vyombo, na ndiyo maana Warumi, walioiita Myrtilis, na Waarabu waliowafuata, waliifanya kituo cha kushushia na kupakia bidhaa za bara lote la nyuma yake. Biashara hiyo ilipofifia, mji ulibaki maskini, na kwa kuwa hapakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, tabaka za kale zilibaki zimelala chini ya nyumba za watu. Leo manispaa nzima ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,290, lakini sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wakazi zaidi kidogo ya 6,000 tu.

Mwaka 1978 mwanahistoria Cláudio Torres alianzisha hapo kituo cha utafiti wa akiolojia, Campo Arqueológico de Mértola, na tangu wakati huo mji wote umekuwa kama makumbusho moja yenye vyumba vilivyotawanyika: nyumba ya Kirumi iko chini ya ofisi za manispaa, masalia ya basilika ya Wakristo wa mwanzo yako nje ya kuta, na karakana ya mhunzi imehifadhiwa katika mtaa wake. Kwa maoni yangu, anayeipitia Mértola kwa saa mbili akiwa njiani kwenda pwani ni afadhali asisimame kabisa. Alale hapo walau siku mbili.

Assalaam alaykum. Nimesikia kwamba msikiti wa kale ungali umesimama. Je, ni kweli, na mtu anaweza kuswali ndani yake? (Msomaji, Mombasa)

Wa alaykumu salaam. Jengo lipo, jeupe, chini tu ya ngome, na ukilitazama kutoka ng'ambo ya mto huwezi kulikosa. Lilijengwa kuwa msikiti katika nusu ya pili ya karne ya 12, wakati wa utawala wa Al-Muwahhidun waliotoka Morocco, na wapiganaji wa Shirika la Santiago, jeshi la kidini la Wakristo, walipouteka mji mwaka 1238, waligeuza msikiti huo kuwa kanisa bila kuubomoa. Paa la matao na mlango mkuu ni kazi ya karne ya 16, lakini milango minne yenye tao la umbo la kwato la farasi ni ya msikiti wenyewe, na nyuma ya altare mihrabu ingalipo, ikiwa na mapambo yake ya plasta. Hata hivyo, hilo ni kanisa la parokia linalotumika. Ingia kwa heshima, funika mabega, tazama kwa muda unaotaka, na swala yako iswalie chumbani kwako au mahali pengine pa faragha, kwa kuwa wenyeji wa nyumba ni wengine sasa.

Usiishie hapo. Kati ya kanisa na ngome kuna uwanja uliofukuliwa ambao ulikuwa mtaa wa Waislamu, na misingi ya nyumba zake inaonyesha ua wa katikati, jiko, stoo na choo cha ndani, mpangilio ambao mtu aliyezuru magofu ya Gede atautambua mara moja. Vyombo vilivyotoka katika nyumba hizo, ikiwa ni pamoja na mabakuli yaliyotiwa rangi na kuchorwa wanyama wa mawindo, vimewekwa katika makumbusho ya sanaa ya Kiislamu mjini humohumo.

Karibu na ngome utaiona pia sanamu ya mtu aliyepanda farasi. Huyo ni Ibn Qasi, shehe wa Kisufi ambaye mwaka 1144 muridi wake waliiteka ngome ya Mértola na kuwaasi Al-Murabitun waliokuwa wakitawala. Aliuawa mwaka 1151. Si miji mingi ya Ulaya inayomsimamishia sanamu kiongozi wa tarika, na nadhani jambo hilo pekee linastahili safari ya Mwislamu apendaye historia.

Je, Vasco da Gama aliyetufikia mwaka 1498 alitoka sehemu hizo? (Msomaji, Malindi)

Si Mértola, bali jimbo hilohilo. Alizaliwa Sines, kwenye pwani ya Alentejo, na mwaka 1519 mfalme alimpa ukabaila wa Vidigueira, mji ulioko kaskazini mwa Beja, ambako mabaki yake yalihifadhiwa hadi karne ya 19 yalipohamishiwa Lisbon. Alikuwa pia mwanachama wa Shirika la Santiago, lile lile lililoitwaa Mértola. Ukiwa na gari, Vidigueira inaweza kuunganishwa katika safari hiyo.

Huku kwetu tunaishi na machimbo ya shaba. Nimesoma kwamba Mértola nayo ina mgodi. Je, unafaa kutembelewa? (Msomaji, Lubumbashi)

Unafaa sana, ila usiende ukitarajia kufurahi. Mgodi wa São Domingos, ambao Warumi waliuchimba zamani, ulifufuliwa katikati ya karne ya 19 na kampuni ya Kiingereza ya Mason & Barry, iliyotoa shaba na piriti ya kutengenezea salfa. Kampuni ilijenga reli ya kushuka hadi Pomarão, kwenye Guadiana, ambako meli zilipakia na kuondoka moja kwa moja kwenda baharini. Wachimbaji walipangiwa nyumba za chumba kimoja kimoja katika safu ndefu, familia nzima ndani ya takriban mita za mraba 16, huku wakubwa wa Kiingereza wakiwa na jumba lao, uwanja wa tenisi na hata makaburi yao peke yao. Msomaji wa Katanga hahitaji kufafanuliwa mpango huo.

Mgodi ulifungwa mwaka 1966, watu wakatawanyika, na kilichobaki ni shimo kubwa lililojaa maji mekundu yenye asidi, pamoja na magofu ya viwanda vya salfa huko Achada do Gamo, ambako ardhi ina rangi ya kutu na njano na karibu haioti kitu. Maji hayo yasiguswe. Anayetaka kuoga aende kwenye bwawa la Tapada Grande, lililo jirani, ambalo maji yake ni safi na lina ufuko ulioandaliwa.

Mimi ni Mzanzibari niishiye London na sili nguruwe. Je, nitakula nini huko?

Utakula mkate, na sisemi hivyo kwa dhihaka, kwa sababu upishi wa Alentejo umejengwa juu ya mkate wa ngano wenye ganda gumu, ambao hata ukikauka hautupwi. Chakula cha kukitafuta kwanza ni *açorda*: kitunguu saumu, chumvi na giligilani mbichi hutwangwa pamoja, hutiwa mafuta ya zeituni na maji ya moto, kisha vipande vya mkate huloweshwa humo na kuwekewa yai au samaki wa chumvi, *bacalhau*. Wasomi wengi wanakihusisha na tharid ya Waarabu, yaani mkate uliolowekwa katika mchuzi. Kuna pia mchuzi wa kondoo unaomiminwa juu ya vipande vya mkate, samaki wa mtoni, asali ya maua ya porini, na jibini la Serpa la maziwa ya kondoo, ambalo hugandishwa kwa maua ya mmea wa miiba uitwao *cardo* badala ya kimeng'enya cha tumbo la mnyama.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, nguruwe hujificha: *migas*, mkate uliokandwa na kukaangwa, mara nyingi hupikwa kwa mafuta yake, hivyo ni lazima useme *sem carne de porco*, *sem banha* (bila nyama ya nguruwe, bila mafuta yake), na usione haya kurudia. Pili, usitarajie nyama iliyochinjwa kwa sheria. Mértola hujivunia nyama za mawindo, kama kware na sungura, lakini wanyama hao hupigwa risasi, na hukumu yake umwulize shehe wako. Anayejizuia kabisa atashiba kwa samaki, mayai, zeituni na jibini bila shida.

Je, kuna wanyama wa kuona? (Msomaji, Arusha)

Aliyezoea Serengeti apunguze matarajio. Sehemu kubwa ya manispaa imo katika hifadhi ya Vale do Guadiana, iliyotangazwa mwaka 1995, na fahari yake ni linksi wa Iberia, paka wa porini mwenye vishungi masikioni kama simbamangu, ambaye mwanzoni mwa karne hii walibaki wasiozidi mia hivi duniani kote. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2014 waliofugwa walianza kuachiwa katika ardhi ya Mértola, kwa kuwa sungura, ambao ndio chakula chao, wako wa kutosha, nao wamezaana. Kumwona ni bahati. Kilicho hakika ni Pulo do Lobo, mahali ambapo mto mzima unabanwa kwenye mwamba mwembamba na kuporomoka, na vilima vitupu vilivyochoshwa na kampeni ya ngano ya serikali iliyoanza mwaka 1929.

Niende lini, na kwa usafiri gani? (Msomaji, Nairobi)

Nenda kati ya Machi na Mei, kwani Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40. Wenye pasipoti za nchi zetu huhitaji viza ya Schengen. Treni huishia Beja, karibu kilomita 50 kutoka Mértola, na mabasi ni machache, kwa hiyo gari la kukodi ndilo litakalokufikisha São Domingos na Pulo do Lobo. Mwezi Mei wa miaka isiyogawanyika kwa mbili hufanyika Tamasha la Kiislamu, lililoanza mwaka 2001, ambapo vichochoro hugeuka soko lenye wafanyabiashara kutoka Morocco na kwingineko, kukiwa na muziki hadi usiku. Anayelitaka aweke nafasi ya kulala miezi kadhaa kabla, na anayetaka kuutazama mji kwa utulivu achague wiki nyingine.