Samadi ya ng'ombe na mabaki ya mbao: lundo linaiva bila kugeuzwa?

Mkuu umeuliza kama samadi ukiichanganya na mabaki ya mbao inaweza kuiva bila kuligeuza lundo kila mara na koleo. Inaiva kabisa, mimi ndo njia yangu siku zote, ila lundo lazima lipumue na hapo ndo wengi wanakwama, mtu anamwaga vumbi tupu la msumeno lile laini anaona mbao ni mbao tu. Lile vumbi likilowa na samadi linashikana kama udongo wa kufinyangia, hewa haipiti ng'o. Chukua maranda, magome, vipande vya unene wa kidole, vumbi liwe kidogo tu la kunyonya mkojo. Samadi ina nitrojeni nyingi, mbao imejaa kaboni, unatafuta kaboni kama 25 hadi 30 kwa nitrojeni 1. Mimi naanza na ndoo moja ya samadi mbichi kwa mbili za mbao halafu naangalia.

Chini tandika vipande vikubwa sentimita 20 hivi, laza mabomba ya plastiki yaliyotobolewa matundu, ncha zitokeze nje pande zote mbili. Kisha mimina mchanganyiko bila kuukanyaga kanyaga, urefu usizidi mita 1.5 maana uzito wake wenyewe utaziba nafasi zote za chini. Likishika moto, hewa ya ndani inapanda na kutokea juu, ya baridi inavutwa kwa chini. Ukitaka kuhakikisha shika kijiti kinachofuka moshi kwenye mdomo wa bomba siku isiyo na upepo, utaona moshi unaingia ndani wenyewe, hakuna feni wala umeme.

Joto lifike nyuzi 55 hadi 65 likae humo siku kadhaa, mbegu za magugu na vimelea vinakufa. Sasa kwa sababu hugeuzi, ganda la nje halipati hilo joto, kwa hiyo funika na mboji iliyokwisha kuiva, na siku ya kubomoa hilo ganda liweke pembeni liingie katikati ya lundo linalofuata, usilipeleke kwenye mboga za kuliwa mbichi hata kidogo.

Unyevu, kamua kwa kiganja, yatoke matone machache tu. Harufu ya kuchoma macho ni amonia, ongeza mbao. Ikinuka yai viza ujue hewa hakuna, bomoa upange upya na vipande vikubwa zaidi.

Mbao zilizotiwa dawa usiguse, zingine zina aseniki na kromiamu.

Ikipoa iache miezi kadhaa itulie ndo uchekeche, mbao ikiingia shambani haijaoza inanyang'anya mimea nitrojeni na majani yanakuwa njano. Vipande vitakavyobaki kwenye chekecheo rudisha kwenye lundo jipya, tena vinaliwasha haraka kwa sababu vijidudu vimeshajaa humo.