Kuingia unaruhusiwa, kusimama kuongea hapana

Ndugu uliyeuliza kama mwananchi anaweza kusimama na kutoa kero barazani, kikao cha Baraza la Madiwani la Manispaa ya Kigoma-Ujiji, Tanzania, mwananchi unaingia kama msikilizaji tu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Na. 8 ya mwaka 1982, inafanya vikao viwe wazi kwa wananchi na waandishi wa habari, lakini wanaojadili na kupiga kura ni wajumbe. Nimekaa viti vya nyuma mara mbili. Hakuna kipengele cha wananchi kutoa kero kama kile nilichosikia kiko kwenye halmashauri za miji kule Marekani, ambako mkazi anapewa dakika chache kwenye kipaza sauti.

Kero yako ipeleke mkutano wa mtaa. Pale una haki ya kunyoosha mkono, na usiondoke mpaka mtendaji wa mtaa ameiandika kwenye muhtasari, maana lisiloandikwa halifiki popote. Ikitoka hapo inapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani wenu, na yeye ndiye anaipeleka barazani. Sisi suala la mtaro wa maji ya mvua tulilipitisha njia hiyo, tukamkabidhi diwani barua yenye sahihi za wakazi na nakala kwa mkurugenzi wa manispaa.

Baraza la kawaida hukaa kila robo mwaka, kwa hiyo mwone diwani wiki kadhaa kabla, si asubuhi ya kikao. Na kumbuka baraza likijigeuza kamati, yaani madiwani wakitaka kujadili jambo kwa faragha, wageni wote mnatolewa nje.