Mamdogo, ni kweli huko mnatukanwa barabarani?

Mpwa wangu yuko Dar anasoma Kijerumani. Anasubiri mtihani wa lugha wa ngazi ya B2 ili aje kwenye mafunzo ya uuguzi. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Shikamoo mamdogo, habari za baridi, habari za kazi, akazunguka weee, hadi dakika ya tatu ndipo swali likatoka: ameona video ya mama mmoja Mwafrika anafokewa kwenye treni huku Ujerumani, na abiria wote kimya kama wamemwagiwa maji. "Ni kweli mamdogo? Na wewe yamewahi kukukuta? Unafanyaje?"

Nilimjibu kwa simu, ila juujuu, maana mama yake alikuwa pembeni anasikiliza na dada yangu ana presha. Hapa najibu yote.

Ndiyo, yamenikuta. Niko Berlin mwaka wa 11 sasa. Lakini naanza na lile ambalo si matusi, kwa sababu ndilo litakalokuliza wiki ya kwanza.

Wajerumani wanakemea. Mtu humjui, hajakusalimu, hana samahani wala habari yako, anakwambia umekosea. Siku yangu ya tatu hapa nilisimama kwenye njia ya matofali mekundu kando ya barabara, natafuta anwani kwenye simu. Sikujua ile ni njia ya baiskeli. Nikasikia kengele, breki, halafu mzee wa miaka sabini hivi ananifokea "Radweg! Radweg!", uso umemwiva. Nilikwenda nyumbani nikalia ngazini. Nilijiambia ni rangi yangu hii. Wiki mbili baadaye nikamwona Mjerumani mwenzao, dada wa watu na mtoto kambeba kifuani, kasimama palepale, na yeye akafokewa vilevile, pengine zaidi. Nilifurahi vibaya sana, Mungu anisamehe.

Yako mengi ya namna hiyo. Ukitupa chupa kwenye pipa la vioo siku ya Jumapili, dirisha la juu litafunguka, maana Jumapili ni siku ya ukimya na chupa zinapiga kelele. Kwenye duka kubwa mhudumu wa kaunta anausukuma mchele wako kama una deni naye, na usipopakia haraka, nyanya za mtu wa nyuma zinagongana na sukari yako. Usiku wa manane, hakuna gari mbele wala nyuma, utawakuta watu wazima wamesimama wanasubiri taa ya waenda kwa miguu igeuke kijani. Ole wako uvuke na mtoto yupo anatazama! Mama yake atalisema kosa lako kwa sauti ambayo kituo kizima cha basi kitasikia. Na Berlin wamezidi. Wajerumani wa miji mingine wenyewe wanawalalamikia, na huo mdomo wao una jina kabisa, Berliner Schnauze, yaani domo la Kiberlin, na wanajivunia.

Usiniambie kwetu hakuna ubabe. Konda wa Mbagala amenisukuma mara ngapi? Kariakoo vijana wanakuvuta mkono, ukikataa kununua unapewa jina. Ila kwetu konda akizidisha, yupo mama kiti cha nyuma atakayesema, "We kijana, huyo si sawa na mamako?" Gari zima litaguna, litacheka, litamzomea. Ugomvi wa kwetu ni wa wote. Huku ugomvi wako ni wako, na hilo ndilo lililonichukua miaka kulielewa.

Kwa hiyo mwanangu, mtu akikupandishia sauti, sikiliza anasema kitu gani. Akitaja baiskeli, taa, chupa, mlango ulioacha wazi, huyo anakemea kitendo. Sema "Entschuldigung", yaani samahani, sogea, basi. Kabla hajafika kona atakuwa amekusahau. Akianza kukutaja wewe, ulikotoka, nywele zako, "nyinyi watu", hapo ni habari nyingine.

Hiyo habari nyingine ilinikuta mwaka wangu wa pili. Nilikuwa natoka zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee, saa nne kasoro usiku, niko kwenye treni ya chini ya ardhi, ile U6 inayokwenda kaskazini. Behewa lina watu kumi na tano hivi. Akaingia mwanamume wa makamo na chupa ya bia, akaviacha viti vitupu vyote, akaja kukaa mbele yangu, magoti yanakaribia kugusana. Alianza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza saa. Kwamba tunakula kodi yake. Kwamba turudi. Halafu likaja lile neno la zamani la kumwita mtu mweusi.

Nilifanya nilichofunzwa Tanga. Mtoto wa kike akitukanwa na mlevi njiani anainamisha macho na kumezea. Nikamezea. Na kwa aibu nikatabasamu, lile tabasamu letu la kuomba yaishe. Ndipo mambo yalipoharibika. "Unanicheka?" Akasimama, akaigonga chupa kwenye chuma cha kushikia, karibu kabisa na sikio langu. Tiii. Sauti ile ninayo mpaka leo.

Niliwatazama watu. Mmoja aligeukia dirisha, na dirisha la chini ya ardhi halina cha kutazama ila giza. Mwingine alikuwa anasoma kitabu. Nilimwangalia muda mrefu, hakufunua ukurasa hata mmoja. Anasikia kila kitu.

Nilishuka Leopoldplatz, vituo viwili kabla ya kwangu, nikajibanza nyuma ya mashine ya tiketi mpaka treni ikaondoka, nikaenda nyumbani kwa miguu. Yule mlevi nilimsahau sura ndani ya mwezi. Yule wa kitabu ningemtambua hata leo sokoni.

Kazini nilimsimulia mama mmoja wa Kighana, ana miaka thelathini nchi hii. Alinisikiliza huku anakunja mashuka. Pole hakunipa. Akaniuliza, "Ulimwambia nani akusaidie?" Nikamjibu sikumwambia mtu, si wote walikuwa wanaona? Akasema hapana. Hapa mtu haingilii mpaka ajue jambo linamhusu, na kazi ya kumjulisha ni yako.

Ndipo akanipa somo ambalo shuleni hawakunipa. Kijerumani kina "wewe" mbili, utazisoma mapema kabisa: du ni ya nyumbani na marafiki, Sie ni ya mtu baki. Ukimfokea mtu kwa du, abiria wanadhani ni mumeo au jamaa yako, mna yenu, wanageuza shingo. Mfokee kwa Sie. Ndiyo, mlevi anayekutukana mpe heshima ya Sie, tena kwa sauti: "Lassen Sie mich in Ruhe!" Niache! Hapo behewa zima linajua hamfahamiani. Baadaye nikaona polisi wao wenyewe wanafundisha hivyohivyo. La pili, usiseme "nisaidieni", maana "nisaidieni" haina mwenyewe. Chagua mtu mmoja, mtaje kwa nguo yake: wewe mwenye koti la kijani, piga 110, namba ya polisi. Akishatajwa hana pa kujificha. La tatu, usiku panda behewa la mbele, karibu na dereva, na vituoni angalia zile nguzo zenye kitufe cha dharura, ujue ziko wapi kabla hujazihitaji. Na usisubiri jambo likue. Inuka ukahamie kwingine mapema. Kuhama si kushindwa.

Nilifanya mazoezi bafuni. Msicheke. Sisi wa Tanga sauti yetu ni ya kubembeleza, hata tukigombana utadhani tunauza mahamri. Ilinichukua wiki kadhaa kuitoa sauti kutoka tumboni. Jirani aligonga ukuta, kakemea na hilo.

Zaidi ya mwaka ukapita. Jumamosi moja niko kwenye treni natoka harusini, nimevaa mtandio wa kijani na dhahabu. Niseme pia, siku nikijitanda macho huongezeka, wadada wenye ushungi wanalijua hili kuliko mimi. Akapanda kijana, amelewa kiasi, akakaa kando yangu na miguu yake na viatu vyake akaiweka kiti cha mbele. Akaanza maneno. Nikainuka nihame, akanyoosha mkono akaushika mtandio.

"Fassen Sie mich nicht an!" Usiniguse! Wallahi sikuijua ile sauti kuwa ni yangu. Nikageuka nikamwona bibi karibu na mlango, kofia ya sufu, kigari chake cha sokoni mbele yake. Nikamwambia, wewe mama mwenye kofia, tafadhali, simfahamu huyu mtu.

Bibi akasimama. Kimo chake ni cha mtoto wa darasa la nne. Akamwendea yule kijana, na unajua alianza na lipi? Viatu. Kwanza atoe viatu kwenye kiti, watu wanakaa hapo na nguo safi! Halafu auache mtandio wa watu. Halafu ashuke. Alivitamka kwa mpangilio huohuo, kidole juu. Kijana mwingine akavua spika zake masikioni akasimama, akasimama na mwanamume mmoja mwenye ovaroli, na kituo kilichofuata mtu akashuka anasonya.

Nilitaka kumkumbatia yule bibi. Hakunipa nafasi. Alikaa, akaweka sawa kofia, akaniambia mkoba wangu nimeuacha katikati ya njia, watu watajikwaa.

Tangu siku ile wakemeaji wa njia ya baiskeli siwachukii. Jirani yangu wa chupa za Jumapili namsalimu mpaka anakereka. Ninayemhofia kwenye behewa ni mtu mpole asiyemwambia mtu yeyote kitu chochote.

Sheria? Ipo, na ni kali kuliko unavyodhani. Kumtukana mtu Ujerumani ni kosa la jinai, kifungu cha 185 cha sheria yao ya jinai, faini au kifungo. Hata kumwonyesha dereva mwenzako kidole cha kati kunaweza kukufikisha mahakamani ukatoka na faini nene. Na inakubana wewe pia, kwa hiyo mdomo wa nyumbani uache nyumbani. Nimewahi kumjibu mtu kwa Kiswahili cha Ngamiani, kwetu Tanga, hakuelewa neno ila ujumbe ulimfika, na nilitetemeka siku mbili. Kushtaki unaweza, polisi wa Berlin wanapokea hata kwa mtandao. Ile ya kwanza nilishtaki baada ya wiki, nikangoja, ikaja barua ya kiserikali yenye adabu zote kwamba mhusika hajulikani na faili limefungwa. Kosa langu lilikuwa kuchelewa, maana picha za kamera za kwenye treni hazitunzwi muda mrefu. Shtaki siku ileile, andika saa, namba ya behewa, kituo. Bado wengi hawapatikani, sikudanganyi. Mimi ningeshtaki tena.

Na usichanganye wahuni na wakaguzi wa tiketi. Wakaguzi wengine wanapanda na nguo za kawaida, wapo wenye sura za kukutisha, treni ikianza kwenda ndipo wanatoa vitambulisho. Hao ni wa kweli. Tiketi ya karatasi igongwe muhuri kabla hujapanda, bila hivyo ni Euro 60 hata ukilia damu. Lipa ukalie nyumbani.

Uje au usije? Njoo. Siku zangu nyingi hapa zinapita hakuna mtu aliyenisemesha chochote, kibaya wala kizuri, na nakuapia hiyo "wala kizuri" itakuuma mapema kuliko matusi. Wale wawili wa kwenye treni ndio wabaya wangu wakubwa kwa miaka yote hii. Wapo wenzangu waliopata zaidi, wapo waliopigwa, sitawasemea.

Ngoja nimalizie na la juzijuzi. Nakaa Wedding, hapahapa Berlin, kwenye kitongoji wanachokiita mtaa wa Kiafrika. Barabara zina majina ya kwetu tangu zamani: Sansibarstraße, Usambarastraße, na ipo hata Tangastraße, nilipoiona mara ya kwanza nilisimama nikaisoma mara tatu. Kulikuwa na barabara ya Petersallee, iliyopewa jina la yule Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Baada ya mabishano ya miaka mingi, Agosti 2024 waliigawa vipande viwili, kimoja kikaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa ajili ya mama wa Namibia, na kingine Maji-Maji-Allee.

Nilikuwa nakipiga picha kibao nimtumie mpwa wangu. Akasimama mzee na mbwa wake, akanitazama, akatazama kibao. Bila salamu, bila chochote: "Majina gani haya? Nani ataweza kuyatamka?" Na ameshalisoma vibaya, "Mayi-Mayi", maana j ya kwao ni y.

Zamani ningetabasamu. Nikamwambia, "Maji Maji, bwana. Ni rahisi kuliko Eichhörnchen." Hilo ni jina lao la kindi, kila mgeni limemtoa jasho darasani.

Akakunja uso. Akajaribu: "Madji." Akajaribu tena, ikakaa vizuri zaidi. Hakucheka, hakuaga. Nikageuka nivuke barabara niende zangu, mguu mmoja tayari uko lami, nikasikia nyuma yangu:

"Ni nyekundu hiyo!"