Kwa unayeanza karate kwenye ukumbi wa usharika

Karibu sana. Jambo la kwanza ujue, ukumbi huu si wetu peke yetu. Jioni kwaya ikitoka ndipo tunaingia, na Jumamosi tunawapisha watoto wa kipaimara. Ndiyo maana mazoezi yanaanza na viti kabla ya ngumi. Wahi, pangeni viti ukutani, shika ufagio. Sakafu ya saruji ikiwa na mchanga inateleza, na unyayo ukiteleza huku unageuka, goti ndilo linaloumia. Anayefika kila siku kazi ikiwa imeshakwisha, wenzake wanamwona hata wasipomwambia.

Usikimbilie kununua gi, yaani vazi la karate. Suruali ya mazoezi na fulana vinakutosha kwa kuanzia. Hela weka kwenye nauli, usije ukakosa mazoezi. Kata kucha za mikono na miguu. Pete, saa, hereni na cheni viache nyumbani.

Wengi wanaotoka kanisani wanauliza kuhusu kuinama. Tunainama tukiingia na tunainamiana kabla ya kupambana, kwa sababu Wajapani ndivyo wanavyopeana heshima, hakuna anayeabudiwa. Mchungaji naye aliuliza hivyohivyo kabla ya kutupa ukumbi. Akaja, akakaa akaangalia mazoezi mwanzo hadi mwisho, ndipo akaruhusu. Kama dhamiri yako bado inasita, mwambie mwalimu waziwazi, usinung'unike pembeni. Tunamaliza kwa sala fupi. Wenzetu Waislamu hunyamaza au huomba kwa namna yao, na hatutaki mtu awasumbue kwa maswali.

Tunafuata Shotokan, mtindo wa Gichin Funakoshi, mwalimu wa Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922. Kata ni mfululizo wa miondoko iliyopangwa, na utakayoanza nayo ni Heian Shodan: miondoko 21, unageuka kushoto, unakinga chini, unasonga na ngumi. Kata za Heian zinatokana na kazi ya Anko Itosu, aliyeziandaa kwa ajili ya wanafunzi wa shule kule Okinawa, kwa hiyo usione aibu kujifunza safu moja na mtoto wa darasa la tano. Huenda yeye ndiye atakayekuonyesha mguu uende wapi. Mshukuru.

Ngumi nayo ina mpangilio. Kunja vidole kuanzia ncha, vikaze, kisha gumba likae nje, juu ya kidole cha shahada na cha kati. Ukilificha ndani utaliumiza. Pigia vifundo viwili vya mwanzo, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka. Mkono mwingine urudi kiunoni kwa kasi ileile, mabega yakiwa chini. Wageni karibu wote hupandisha mabega wakichoka, nasi tutakukumbusha mpaka uzoee.

Sasa lililo kubwa kuliko yote. Mnapofanya kumite, yaani kupambana wawili wawili, mwenzako amekuazima mwili wake, na anatarajia urudi salama kama ulivyoupokea. Kuna vijana wenye nguvu wanaokuja wakidhani sifa ni kumwangusha mtu. Hapa sifa ni kusimamisha ngumi karibu kabisa na fulana ya mwenzako bila kumgusa, wakati ungeweza kumpiga. Ukiona anafumba macho au anarudi nyuma mfululizo, punguza kasi wewe, usisubiri mwalimu apige kelele. Ukipigwa bahati mbaya, sema papo hapo. Kinyongo ukitoka nacho nje ya geti kinarudi mazoezi yajayo kikiwa ngumi. Na huko mtaani karate usiitumie kuanzisha ugomvi. Funakoshi mwenyewe alifundisha kwamba katika karate hakuna kuanza kushambulia, na sisi tunalishika hilo: atakayepigana baa atavua mkanda.

Undugu wetu hauishii ukumbini. Mwenzetu akifiwa, tunachanga na tunakwenda msibani pamoja, wengine wanabeba maturubai, wengine wanakaa na familia usiku. Akilazwa, tunapangiana zamu za kupeleka chakula. Huna hela ya kuchangia? Njoo na mikono yako. Nimeona watu wasiojua kata hata moja vizuri wakiwa nguzo ya kundi hili kwa sababu hiyo, na mimi nawaheshimu kuliko wenye mikanda ya rangi wanaopotea siku ya msiba.

Wazazi, mtoto mleteni na mumfuate kwa wakati. Mtu mzima hakai na mtoto mmoja peke yake, na mlango unabaki wazi mazoezi yote; mkiona kinyume, mwambieni mwalimu au mzee wa kanisa siku ileile.

Mtihani wa mkanda utaitwa ukiwa tayari. Ada ikikushinda, mwone mwalimu kabla ya siku yenyewe, faragha. Funguo za stoo ya mifagio anazo mlinzi.