Kabla ya kusaini mkopo wa kikundi, hesabu miezi ya shamba lako

Mkopo mdogo hauongezi kipato kwa sababu tu umetoka. Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja tafiti za nchi 6, zikiwemo Ethiopia, Morocco na India, na hakuna iliyoonyesha kwamba kipato cha wastani cha kaya kilipanda kwa kiasi kikubwa. Ukijua jinsi vikundi vya vijijini vinavyoendeshwa, hilo halikushangazi. Mkulima anavuna mara moja kwa mwaka, rejesho linadaiwa kila wiki au kila mwezi. Basi analipa kwa pesa ya mkopo wenyewe, au anauza mahindi kwa bei ya kutupa.

Anza na riba. Ukitajiwa asilimia 3 kwa mwezi, uliza kama ni ya mkopo wote au ya salio linalobaki. Chukua shilingi 600,000 kwa miezi 6, riba ya mkopo wote: 18,000 kila mwezi, jumla 108,000. Lakini kila mwezi unarudisha 100,000 ya mtaji, kwa hiyo pesa uliyobaki nayo ni wastani wa 350,000 tu. Riba halisi imepita asilimia 5 kwa mwezi. Bado makato ya fomu, bima na akiba ya dhamana: ukipokea 530,000 mkononi, riba inahesabiwa kwenye 600,000 ile ile.

Mkopo unaolipa kwa mkulima wa mahindi, kwa maoni yetu, ni ule unaomwezesha kutouza Julai, bei ikiwa chini. Magharibi mwa Kenya ulipimwa mkopo unaotolewa wakati wa mavuno. Wakulima waliupokea, wakauza kidogo wakati bei iko chini, wakauza zaidi baadaye, na mapato yao yakapanda. Ila pale wengi wa eneo moja walipokopeshwa, faida ya kila mmoja ilipungua, kwa kuwa pengo kati ya bei ya mavuno na bei ya baadaye lilipungua. Kijiji kizima kisiweke mahindi kikitegemea mwezi mmoja wa kuuza.

Fanya hesabu kwa mfano huu. Una gunia 10 na unahitaji 450,000 za ada na madeni. Julai gunia ni 45,000, ukiuza yote umemaliza. Ukikopa 450,000 kwa asilimia 3 kwa mwezi na kulipa zote Januari, deni ni 531,000. Ongeza mifuko 10 ya kinga njaa (ya kuhifadhia mahindi, isiyopitisha hewa) kwa 5,000 kila mmoja: 581,000. Gunia likifika 70,000 unabaki na 119,000. Likiishia 55,000 umepoteza 31,000. Bei ya kutoka sare ni 58,100, na namba hiyo uijue kabla ya kusaini. Hata hivyo hesabu hii inasimama pale tu rejesho linapolipwa mara moja mwishoni. Likiwa la kila mwezi, utakuwa unauza gunia moja moja Agosti na Septemba, bei ikiwa bado chini.

Mafunzo nayo yawe ya kazi ya mikono inayolinda mkopo huo. Chukua chupa kavu, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda, anika siku nyingine moja ndipo uhifadhi. Mfuko wa kinga njaa una mifuko miwili ya ndani ya plastiki na mmoja wa nje. Pulizia kila wa ndani hewa, ubane mdomo, usikilize kama inavuja. Jaza, kandamiza hewa itoke, sokota shingo, kunja, funga kamba. Halafu wa pili, halafu wa nje. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, hakuna haja ya dawa. Mahindi yasiyokauka humo ndani huota ukungu na kuzalisha sumukuvu, na vipande vya gunzi vikitoboa plastiki, dumuzi watasalia hai. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, panya wasipate pa kupandia.

Darasa la biashara peke yake lina mipaka. Jijini Dar es Salaam, wakopaji wanaume waliofundishwa biashara waliongeza faida, lakini kwa wanawake ongezeko hilo halikuonekana. Mke akirudi na daftari la hesabu huku mume ndiye anayeamua gunia liuzwe lini, daftari halisaidii. Waiteni wote wawili kwenye mafunzo.

Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu waulizie pia mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu). Hauna riba, na kwa gunia 10 zile zile bei ya kutoka sare inashuka hadi 50,000. Kikundi kiombe rejesho lianze Januari, na kiandike hivyo kwenye andiko la mradi kabla ya kulipeleka kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.